Zawadi Aliyoomba Mlinzi wa Chumba cha Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa jumba hili la sanaa, ndugu wasanii, ndugu walinzi wa vyumba na wafagizi, wageni waalikwa, nawe Mama Kiti unayestaafu leo:

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na nne Septemba, na mimi nina miaka sita, miezi minne na siku tisa tangu nitoke kwetu. Najua mlitarajia msomi. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na kazi yangu ni kusimamisha fremu za milango katika majengo ya watu. Lakini Mama Kiti aliulizwa nani amuage, akasema, "Mleteni yule wa timazi." Basi ni mimi.

Niseme ukweli: sikuletwa hapa na sanaa. Chumbani kwetu tunalala kwa zamu, watu wawili kitanda kimoja, na mwenzangu hulinda ghala usiku, kwa hiyo Jumapili, siku yangu ya kupumzika, kitanda ni chake mpaka jioni. Mtu asiye na kitanda katika mji mkubwa akae wapi mchana kutwa? Mgahawani utaulizwa unakunywa nini, kituo cha mabasi utaulizwa unakwenda wapi. Siku moja ya mvua nikaona mlango ulioandikwa "Kuingia ni bure." Nilisimama nje nikitafuta ujanja umefichwa wapi, sikuuona, nikaingia. Ndani kulikuwa na joto, choo kisafi na benchi. Nikasinzia.

"Baba," sauti ikaniamsha, "benchi hili ni la kutazamia. Tazama kwanza, ndipo usinzie."

Huyo ndiye Mama Kiti, mlinzi wa chumba cha tatu, na kiti chake cha kukunja anachokihamisha pembe hadi pembe kama mtu anayefuata kivuli.

Nikatazama. Katikati ya chumba cha tatu palikuwa na fremu ya mlango, imesimama peke yake, haina ukuta, haina nyumba. Nikacheka kimoyomoyo, maana kazini kwetu hiyo ni kazi ambayo haijaisha. Kisha jicho likakataa. Nikatoa timazi mfukoni, ile kamba yenye uzito nchani inayotuonyesha wima, nikaining'iniza kwa mbali bila kugusa kitu, nikafumba jicho moja.

"Imelala," nikamwambia. "Kushoto, upana wa kidole gumba."

"Watu wamepita hapa miezi miwili, hakuna aliyeona."

"Aliyeisimamisha ni fundi gani?"

"Ni msanii, na mikono yake haina kasoro. Sasa niambie wewe, kwa nini aiache hivyo?"

Ndugu wageni waalikwa, mnajua swali kama hilo linamfanya nini mtu aliyezoea kuambiwa "nyoosha" akanyoosha? Wiki nzima nilikuwa nalo kazini. Jumapili nikarudi na jibu: mbao ilikuwa mbichi. Akatikisa kichwa. Jumapili iliyofuata nikasema ni sakafu. Akaniambia niipime, nikaipima, ilikuwa sawa. Nikaona pengine sijui kutazama, nikaanza kuzunguka kumbi nyingine za bure za mji huu, saba zote, kwa miguu. Nimeona chumba kilichojaa sauti ya mtu anayepiga mswaki, basi. Nimeona mashuka mia moja, kila moja limekunjwa na mtu wake, na ukiyatazama sana unajua nani alikuwa na haraka. Nimeona ukuta mtupu, nikauchunguza dakika kumi, mpaka mlinzi akaja kuniambia kazi yenyewe imepelekwa kusafishwa.

Jioni nilimsimulia mke wangu kwa simu. "Mlango usio na nyumba," nikamwambia, "na watu wanakuja kuutazama."

"Walete na huku," akasema. "Kuna nyumba isiyo na mwenyewe, na kuingia ni bure."

Akacheka. Mimi nilichelewa kucheka.

Siku moja Mama Kiti akaniita, "Fundi, njoo, mwenye kazi amefika." Msanii huyo ameketi mstari wa pili, atanisahihisha nikikosea. Alisema mlango wa kwao ulikuwa umelala hivyo hivyo, kushoto, na baba yake aliyeusimamisha aliaga akisema kwamba akirudi ataunyoosha. Hakurudi. Mama akajifunza kuusukuma kwa bega, watoto wanne wakajifunza kwa mama, na mpaka leo yeye husukuma kwa bega hata mlango uliopakwa mafuta.

Mama Kiti akanitazama. "Na wa kwako?"

Alijuaje? Siku moja kabla ya safari nilisimamisha mlango wetu wa mbele haraka haraka, bila timazi, kwa sababu timazi nilikuwa nimeshaifunga kwenye begi. Mlango unakwama. Mwaka wa kwanza mke wangu alinikumbusha, nikasema nakuja kuunyoosha. Wa pili akanikumbusha, nikasema hivyo hivyo. Tangu mwaka wa nne haulizi tena, si habari ya mlango, si habari ya kuja.

Mheshimiwa Mkurugenzi, katika cheti chake mmeandika kwamba alilinda miaka ishirini na sita. Ongezeni kwamba alikuwa anauliza.

Nilipotaka kujua nimpe zawadi gani, nikamwambia naweza kumtengenezea rafu ya vyombo.

"Rafu ninayo. Nipe tarehe."

"Tarehe ya nini, mama?"

"Fundi, usinifanye mtoto."

Leo asubuhi nimempigia mke wangu kumtajia tarehe hiyo. Akauliza, "Hii ni tarehe kweli, au ni ndugu ya ile ahadi ya mwaka wa kwanza?" Nikamjibu kwamba hii nitaisema mbele ya watu, kwenye kipaza sauti, nimevaa shati la kuazima.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu, maana sasa ninyi ni mashahidi. Mama Kiti, nenda na kiti chako, ukikalie kwa raha. Nikifika kwetu sitaugusa mlango kwanza. Nitamwomba mke wangu aufungue, nitazame anatumia bega lipi, ndipo nitoe timazi. Tarehe yako ni hii: Jumamosi, ishirini na tano Oktoba, asubuhi, nitakuwa nje ya mlango huo nabisha hodi.