Katriji Haisuguliwi

Wapendwa, mguu umevimba kwa hivyo sitasimama sana, lakini leo lazima niseme.

Mnajua mimi ni wa kuchapisha: barua za kazi, kadi za harusi, programu za mazishi. Kabla ya vita vya uchaguzi ule wa 2007, kazi hiyo nilikuwa nafanyia Kibera. Januari vijana wakavunja kibanda changu. Kompyuta na printa ziliokoka kwa sababu Krismasi nilikuwa nimezipeleka kwa nyumba. Nikazipakia mkokoteni, nikashika watoto wangu wawili, tukahamia hapa Kawangware, upande ule unaoitwa Kongo, kwa ploti ya vyumba vya kupanga anapokaa dada yangu.

Sasa nisikizeni. Waliovunja kibanda walikuwa wanaongea lugha moja na jirani yetu mpya wa mlango wa pili hapo kwa ploti, mama wa kufulia watu nguo. Yeye hakuwa amenifanyia kitu. Lakini wiki tatu tulichota maji bomba moja na sikumjibu salamu. Akisema "sasa," mimi naangalia mtungi. Nilikuwa na hasira, ndugu zangu, na nawaambia ukweli, ilikuwa tamu.

Kisha kanisa moja la Kabiro likaniletea programu ya mazishi ya Jumamosi. Nikashukuru Mungu, maana kilichobaki kilikuwa kurudi kwetu Kitui na watoto, mikono mitupu. Alhamisi nikajaza katriji, kile kikasha cha wino ndani ya printa, kwa sindano, vile nimefanya miaka. Nikachapisha. Karatasi ikatoka nyeupe. Printa ilikuwa imekaa bila kazi, na wino ukakauka kwa kichwa cha katriji, pale chini kwenye vitundu vidogo. Mimi huyo nikachukua pini, nikadunga. Nikasugua na mswaki. Nikatukana.

Yule mama akaja mlangoni na maji ya vuguvugu kwa kisahani.

"Nani amekuita?" nikamuuliza.

"Hiyo kelele yako. Wino ukikauka kwa shati la shule husugui. Unaloweka, unaacha."

"Hii si shati, mama."

"Na ukisugua imetoka?"

Nikaweka mswaki chini, maana haikuwa imetoka. Tukakunja tishu kwa kisahani, tukaweka katriji ikiangalia chini, maji yaguse hapo pa wino peke yake. Halafu ukae, ungoje. Watu wawili hawawezi kungoja kitu kimoja bila kuongea. Akaniambia wale aliokuwa akiwafulia kule estate ya wenye pesa walimfungia geti tangu Januari, kwa sababu jina lake linaonyesha kabila. Mimi nilidhani hasara ni yangu tu. Niliona aibu, wapendwa, aibu ya kweli.

Jioni tukaifuta kwa tishu kavu, ikaacha mstari mweusi. Nikairudisha kwa printa. Karatasi ya kwanza ilikuwa na michirizi. Ya pili, jina la marehemu likatoka zima. Nililia, na hata sikumjua marehemu. Zile programu zote alizikunja yeye, mikunjo imenyooka. Jumamosi zilifika kanisani, na tangu siku hiyo sijakosa kazi.

Namshukuru dada yangu aliyetupa sakafu ya kulala, na kanisa lile lililoniamini. Huyo mama yuko hapa ndani. Amenikataza kumtaja, kwa hivyo msigeuke kumtafuta.

Somo langu ni dogo. Kuna mtu unachota maji naye na humsalimii. Kesho mwambie "sasa." Mimi nilishindwa kuanza, na kama yeye angeningoja, leo ningekuwa Kitui.