Bibi Roza na Robota Lililopiga Kelele

Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025. Asubuhi hii mvua imenyesha hapa mtaani Xiaobei, Guangzhou, tangu kabla hatujafungua ofisi. Sasa yamebaki manyunyu. Leo Bi. Rosalind Thackway, ambaye sote tunamwita Bibi Roza, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi yetu ya kusafirisha mizigo.

Kwa wageni wetu wasiomfahamu, Bibi Roza ni Mwingereza, mwandishi wa riwaya za upelelezi zinazotokea London ya zamani, ile ya mishumaa na magari ya farasi. Alikuja Guangzhou kutafuta habari za wafanyabiashara wa chai wa karne zilizopita. Fedha zikamwishia, akaingia kwetu kuomba kazi ya wiki mbili. Akapewa kuandika barua za Kiingereza na kukagua ufungaji wa mizigo. Vitabu vilimletea sifa, marobota yakamlipia pango.

Kiswahili alijifunza stoo, kwa wapakiaji, ndiyo maana anajua kutukana kuliko kusalimia. Riwaya zake nyingi ameziandika hapa hapa, wakati wa chakula cha mchana, na karibu katika kila moja amemuua mmoja wetu. Mwaka fulani bosi wetu, Mzee Joachim, alimnyima likizo. Kitabu kilichofuata kilianza na tajiri mnene, mwenye masharubu kama ya Mzee, amelala chini baada ya kupigwa kinara cha mshumaa kichwani. Mzee hakukasirika. Alinunua nakala kumi akawapelekea ndugu zake Moshi. "Nimekufa vizuri," alisema, "tena nimekufa tajiri."

Lakini wasifu wa Bibi Roza hauwezi kusomwa bila kisa cha Samwel, hata kama yeye mwenyewe ameniomba nikiruke.

Wakati ule alikuwa anaandika habari za mfanyabiashara wa sufu anayeshonewa ndani ya gunia akiwa hai, vibarua wake wakiwa karibu, na asisikike. Alitaka kujua kama jambo hilo linawezekana. Samwel, mpakiaji wetu mwenye mwili mkubwa kuliko wote, akakubali kuingia guniani kwa malipo ya sahani ya ugali na samaki. Bibi akachukua gunia tupu lililokuwa karibu, akamzungushia mabaki ya vitambaa, akalishona kwa mkono wake, kisha akapanda ofisini kuchukua miwani.

Hakuona kwamba gunia lile lilikwisha kuandikwa alama ya Mama Adhiambo, mteja wetu wa Nairobi. Na kwetu robota likishashonwa na lina alama, halifunguliwi mpaka mwenyewe aruhusu; ndivyo lisemavyo tangazo la ukutani. Wateja wanatuamini kwa sababu hiyo. Godson, msimamizi wa upakiaji, akaja na toroli. Lori lilikuwa mlangoni, linangoja kwenda bandarini.

Robota likapiga kelele. "Godson! Fungua, ni mimi Samwel!"

"Alama ni ya Mama Adhiambo," Godson akajibu. "Nikikata uzi huu, kesho ataniambia nimeiba jinzi."

"Ndugu yangu, nakosa hewa humu!"

"Vumilia kidogo, nampigia mwenye mzigo."

Bibi Roza akashuka mbio na mkasi. Godson akamnyang'anya. "Hata wewe, Bibi, hapana. Tangazo la ukutani uliliandika mwenyewe."

Mama Adhiambo alikuwa soko la nguo la Shahe, katikati ya kupatana bei. Simu ikawekwa sauti kubwa, tukamsikia sote.

"Godson, wacha mzigo wangu! Kwani mnataka kuniibia?"

"Mama, ndani kuna Samwel."

"Samwel gani? Mimi nilinunua jinzi! Wanaume nimewaacha wengi Nairobi. Huyo si wangu, mtoeni haraka!"

Uzi ukakatwa. Samwel alitoka ameloa jasho, nyuzi zimemjaa kichwani, akakaa chini akivuta hewa kwa mdomo. Bibi Roza alimkumbatia akilia. Hatukuwahi kumwona akilia.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, Bibi. Lakini huyo tajiri wako wa sufu hawezi kufa kimya. Mtu akishonewa, anasikika mpaka mtaa wa pili."

Wiki ile Bibi alichana nusu ya kitabu akaanza upya. Katika kitabu kipya gunia linafunguliwa mapema na tajiri anapona. Ndiyo riwaya yake pekee ambamo hafi mtu. Wasomaji wa Uingereza walilalamika sana. Samwel hajalalamika.

Na kwenye tangazo la ukutani Bibi aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake: robota likisema, lifunguliwe bila kumngoja mwenyewe.

Bibi Roza, asante kwa barua, kwa ukaguzi, na kwa kutuua kwa heshima. Unarudi Uingereza, kijijini kwa dada yako. Tunakuombea afya njema, chai ya moto kila asubuhi, na majirani wapole wasiojua kwamba unatafuta mtu wa kumuua katika kitabu kijacho.

Felisia, kwa niaba ya wafanyakazi wote