Mbuzi wa Doña Eduvina

Nilikaa nyuma yao kwenye basi la kwenda mji wa Yoro, sina kazi ila kusikiliza. Mama mwenye kapu alikuwa akimwambia bwana wa kofia ya majani, "Redio ya parokia haitangazi maduka, baba, lakini vilivyopotea inavisoma bure. Basi kila Jumatatu mimi napoteza mbuzi! 'Mweupe, sikio moja jeusi. Ukimwona mlete duka la Doña Eduvina, kando ya daraja, penye maharage mapya.' Tangu wengine wafungue duka kubwa mjini, bila mbuzi huyo ningefunga langu."

"Kumbe hayupo?"

"Hajawahi kuzaliwa!"

Alicheka peke yake. Bwana alivua kofia. "Mama, mimi nimeshuka mlimani tangu alfajiri kwa ajili yako." Akavuta kamba chini ya kiti, na ndipo nilipojua nani alikuwa akitafuna sketi yangu. Mweupe, sikio moja jeusi.

"Toba! Umemwokota wapi?"

"Njiani. Sasa ni wa nani?"

"Sema kwa sauti ndogo, baba. Padri akisikia, jina langu halisomwi tena redioni."

"Na mwenyewe akija kumdai?"

Basi likasimama darajani. Mbuzi akashuka wa kwanza, akaingia dukani moja kwa moja.