Bi Danuta na Vyumba Vilivyojaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, kaeni vizuri. Leo tunamkumbuka mwanamke wa Matrah, hapa Oman, aliyekuwa na uwongo mmoja tu. Aliusema mara nyingi, mchana kweupe, bila kupepesa macho. Uwongo wenyewe ni huu: "Vyumba vimejaa."

Jina lake Bi Danuta. Alikuwa Mpolandi. Amefariki mwezi uliopita akiwa na miaka themanini na mitatu, akazikwa makaburi ya Wakristo hapa Maskati. Wengi wenu mnaijua nyumba yake ya wageni nyuma ya soko, ile ya vyumba tisa, yenye ubao wa funguo ukutani. Na wengi mmewahi kujiuliza Mpolandi alikipata wapi Kiswahili kile. Alikipata utotoni. Alilelewa Tengeru, karibu na Arusha, kwenye kambi ya wakimbizi wa Polandi.

Tuanze na jinsi alivyofika Tengeru, maana bila hilo hamtamwelewa.

Mwezi wa pili, mwaka arubaini, wanajeshi wa Kisovieti waliingia kijijini kwa wazazi wake, mashariki ya Polandi ya wakati ule. Leo pale ni Ukraine. Wenye nyumba walipewa nusu saa wafunge mizigo, wakatiwa ndani ya mabehewa ya ng'ombe. Safari ikawa ya wiki kadhaa, kwenda kukata magogo kwenye theluji ya Urusi. Jirani yao Mukraine ndiye aliyewaonyesha wanajeshi nyumba. Behewa halijaondoka, jirani keshachukua cherehani na ng'ombe.

Bi Danuta alizaliwa miaka miwili baadaye, walipokwisha kuachiwa wakaelekea kusini, njiani, Uzbekistani. Mama yake, Aniela, akafika naye Tengeru akiwa mchanga. Watu saba wa nyumba ile hawakufika. Nasema tena: saba.

Aniela hakumfundisha mwanawe nyimbo za kulala. Alimfundisha majina saba. Jina, umri, na mahali mtu alipofia. Binti akikosea moja, anaanza upya.

Kambi ilipofungwa, Aniela alibaki Arusha akishona nguo. Danuta akakua, akasomea uuguzi, akaolewa na Khalil, kijana wa Kizanzibari. Mwaka sabini na nne wakahamia Oman. Khalil alifariki zamani. Alimwachia mkewe nyumba ile ya wageni na binti mmoja, Mahfoudha. Haya ninayowasimulia leo ameyasema Mahfoudha, meza ile ile ya mama yake, kahawa mkononi.

Mahfoudha anakumbuka akiwa na miaka kumi, alimuuliza mama yake, kati ya majirani wa Polandi nani mbaya zaidi. Mama alikuwa anakata viazi. Hakuacha kukata.

"Mrusi alileta treni," alisema. "Mukraine alionyesha mlango. Mlithuania ana maringo, lakini treni hana. Mbelarusi maskini, huyo kakabwa koo na Mrusi, msamehe tu."

"Na Mukraine, mama?"

"Mukraine nnamsubiri."

"Na Mrusi?"

"Mrusi sina haja naye hata ya kumsubiri."

Ndivyo alivyoishi, wasikilizaji. Watalii wa Kirusi walipoanza kuwa wengi hapa mjini, yeye alikaa pale mapokezi na ubao wa funguo nyuma yake, funguo tisa zinaning'inia, na akawaambia vyumba vimejaa. Siku moja mzee wa Kirusi, shati limelowa jasho, akaonyesha ubaoni kwa kidole. Na funguo zile?

"Zinapumzika," alisema Bi Danuta.

Shiro, dada wa Kikenya anayefanya kazi pale, alimwonea yule mzee huruma. "Madam, huyu mtu amechoka, na jua ni kali ajabu. Hatuwezi kumpatia tu moja?"

"Maji mpe. Ya baridi, chupa mbili. Chumba hapana."

Mahfoudha alikuwa akiona haya. Yeye ni Mwomani, kakulia nyumba ambayo mgeni hata kama humpendi unammiminia kahawa. Aligombana na mama yake juu ya jambo hili miaka na miaka. Hakushinda hata siku moja.

Kisha ikaja vita ya Ukraine. Binamu ya Bi Danuta, Bi Grażyna wa Wroclaw, Polandi, alipiga simu akilia. Kamchukua mama wa Kiukraine na watoto wawili, kawapa chumba chake mwenyewe.

"Umesahau cherehani?" Bi Danuta alimuuliza.

"Sijasahau. Lakini anayewapiga ni nani? Ni yule yule wa treni."

Bi Danuta akakata simu. Baada ya miaka miwili Bi Grażyna huyo huyo alipiga tena. Safari hii analalamika: wamejaa hospitali, wamejaa basini, hawasemi ahsante, na mashujaa wao wa vita vya zamani ndio waliotuua sisi Wapolandi. Bi Danuta alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe umechoka mapema," alimjibu. "Mimi ndo kwanza nnaanza."

Maana alikuwa kampata wake.

Anaitwa Lesia. Ni mwanamke wa miaka arubaini na kitu, Mukraine, anafanya kazi saluni, mtaa wa Wattaya. Kabla ya hapo alikuwa Polandi, akichuma stroberi, na Kipolandi anakijua. Alikuja kuuliza chumba. Mahfoudha alikuwepo, akajua atasikia neno lile lile. Mama yake akatoa ufunguo namba nne.

"Hutolipa," alimwambia. "Lakini kila Ijumaa baada ya chakula utakaa hapa, utasikiliza."

Ijumaa ya kwanza Lesia alikaa. Bi Danuta akasoma majina saba kwa kichwa. Na mambo ya jirani aliyeonyesha mlango akayasema pia. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Ijumaa ya tatu Lesia alipiga meza kwa kiganja, kahawa ikamwagika.

"Na bibi yangu?" alisema. "Mwaka arubaini na saba wanajeshi wa Kipolandi walimtia yeye kwenye behewa! Kijiji chao kikachomwa moto. Hilo nalo lina Ijumaa yake?"

Siku mbili hawakusemeshana. Shiro ndiye aliyepeleka chai huku na huku. Siku ya tatu Bi Danuta aligonga namba nne, akasimama mlangoni.

"Njoo useme ya bibi yako. Ntakaa. Lakini ukimaliza, wangu bado saba."

Msinihadithie hapa kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Walikaa kila Ijumaa, kila mmoja na wafu wake, na hakuna aliyemwambia mwenziwe pole. Ila akiingia Mrusi, waliinua vichwa pamoja, wakasema kwa pamoja: "Vyumba vimejaa." Mahfoudha anasema ni hapo tu alipowaona wanacheka.

Mwezi uliopita Bi Danuta alilazwa. Alasiri moja alimshika Mahfoudha mkono.

"Nikifa, wakija Warusi?"

"Mama, pumzika."

"Wakija?"

"Vyumba vimejaa."

"Apa."

Mahfoudha alijaribu kupindisha maneno. Mama akambana mkono kwa kucha. "Apa, mwanangu. Kwa kiapo chenu, si cha kwangu."

"Wallahi," alisema Mahfoudha. Bi Danuta akamwachia. Alifariki kabla ya magharibi.

Kwa Mwislamu, wasikilizaji, neno hilo si la kutupa ovyo. Nasema tena: Mahfoudha aliapa.

Siku tisa baada ya mazishi waliingia mtu na mkewe, Warusi, na masanduku mawili. Mahfoudha alikuwa mapokezi. Shiro alikuwa anapiga deki, akaacha. Lesia alikuwa kashuka ngazi, akasimama. Funguo tano zinaning'inia ubaoni. Mahfoudha alifungua mdomo, na anasema neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Alisema, "Chumba kipo. Kaeni kwanza."

Akawamiminia kahawa. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba nyumba hii ina kodi yake, nayo ni kusikiliza. Akaeleza treni. Akaeleza nani alikuwa na bunduki.

"Mimi sikuwapo," alisema yule bwana.

"Hata mimi sikuwapo. Kaa."

Akaanza. Kwenye jina la tano bwana alisimama, akatoka nje juani. Mkewe hakusimama. Alikaa mpaka la saba, kikombe mkononi, hajanywa. Mahfoudha akatoa ufunguo namba sita, akauweka juu ya meza. Hakumpa mkononi. Yule mwanamke akauchukua mwenyewe.

Lesia alimwambia, "Mama yako angekuzaba kofi."

"Mawili," alisema Mahfoudha.

Kiapo kilikuwa kimevunjika. Kesho yake Mahfoudha alitoa kafara ya kuvunja kiapo: alipika chungu kikubwa, akalisha masikini kumi, Shiro na Lesia wakigawa sahani. Nilimuuliza kama anajuta. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa bei ya chumvi.

"Mama alikuwa akiwafukuza, na wakenda zao hawajui wamefanya nini," alisema. "Mgeni wangu amelala na majina yale kichwani siku mbili. Kulisha watu kumi kwa hilo? Rahisi sana."

Kwa Mahfoudha, kwa jamaa wa marehemu mzee Khalil walioko Sidab, kwa Bi Grażyna kule Wroclaw, tunatoa pole. Kwa Lesia pia, ingawa atakataa kuipokea. Na kwako wewe unayesikiliza: mimi ni mama, sitakuambia samehe, maana sikuwekwa mimi behewani. Nakuuliza tu, ni majina gani unamfundisha mwanao, na atakayeyasikia ni nani?

Familia imeniruhusu niyasome. Ukiwa jikoni, zima jiko. Kaa.

Marianna, miaka sitini na mitatu, ndani ya behewa. Wojciech, mumewe, sitini na saba, msituni. Tekla, arubaini, kwa homa. Stefan, baba yake Danuta, thelathini na moja, njiani kuelekea kusini. Bronek, kumi na mbili, kwa njaa. Kazik, tisa, kwa njaa, siku ile ile.

Zosia, miaka miwili. Hakuna aliyejua alipoachwa.