Mkono wa Pili

Basi lilikuwa nusu tupu. Mbele yangu mama mmoja, kichwa wazi, alimweleza jirani yake asiyemjua kwamba kila Jumanne mhudumu hukaa na binti yake kwa masaa manne ili yeye apumzike. Binti ana miaka ishirini na sita, hasemi, na hajawahi kula ila kwa mkono wa mama.

"Kwa hiyo leo kashinda njaa?"

"Nilimpa mhudumu kitambaa changu ajifunge kichwani. Kanipigia simu sasa hivi. Mwanangu kala sahani nzima."

"Si ushukuru, mama mwenzangu!"

"Nishukuru nini? Miaka yote hiyo, kumbe alikuwa anakula kwa sababu ya kitambaa, si mimi. Namwambia huyo mhudumu asirudi."

"Makubwa! Wivu kwa mwanao? Kwani wewe utaishi milele? Siku ukizikwa atalishwa na nani?"

Swali hilo halikuwa geni kwa mama, nadhani. Tofauti ni kwamba safari hii lilisemwa kwa sauti.

Basi liliposimama kituo cha mwisho, alivuka barabara akapanda la kurudi. Mapumziko yake yalikuwa bado yamebakiza masaa mawili.