Simu ya Kufika Masagati

Kijiwe cha Lipangalala, pale Ifakara, kilikuwa na benchi moja refu, limeegemea banda la Fulgensi, fundi baiskeli ambaye watu walimwita Spoku, nalo lilijaa kila alasiri Nassib alipotua birika lake la kahawa. Mwaka ule wa tisini na saba hapakuwa na jambo dogo pale. Viboko walioingia shamba la mtu, kivuko kilichokwama upande wa Lupiro, vyote vilihukumiwa na kukatiwa rufaa papo hapo. Siku hiyo kesi ilikuwa simu ya mkononi. Tamimu, mwenye duka la vitenge, alirudi nayo kutoka Dar, nyeusi, nzito kama nyundo, akaitoa mfukoni na kuinua antena mbele za watu. Haikushika chochote, maana Ifakara nzima hapakuwa na mnara hata mmoja. Kabla kahawa haijapoa, Tamimu alishabatizwa jina la Antena.

— Sasa ukiishika hivyo inafanya nini? aliuliza Zakayo, mstaafu wa reli, waliyemwita Stesheni kwa sababu hadithi zake zilisimama kila mahali.

— Inasubiri mawimbi, alijibu Antena.

— Kusubiri hata mimi naweza, na sili betri.

Wakacheka. Fulgensi naye akacheka, kichwa kimeinama juu ya rimu aliyokuwa akiinyoosha, ila macho yake hayakubanduka kwenye ile simu.

Ulikuwa mwezi wa saba tangu mkewe, Eufrasia, aende kwao Masagati, kule ndani ukishapita Mlimba. Aliaga kwamba mama yake mgonjwa. Mama alipona zamani, yeye hakurudi. Fulgensi, masikini ya Mungu, kila aliyepanda treni kwenda Mlimba alimpa salamu za mdomo. Lakini salamu za mdomo zinapita mdomoni mwa mtu. Utamwambiaje mchuuzi wa dagaa, “Mwambie mke wangu silali”? Kwa hiyo alituma ya kiume: muulize mbegu ya mpunga aliiweka wapi. Baada ya wiki tatu likarudi jibu: iko darini, kwenye debe. Akatuma tena: na jembe? Liko nyuma ya mlango. Vyombo vyote vya nyumba ile alishaviulizia, hata vile alivyokuwa akiviona.

— Simu tunaihitaji, alisema Antena. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu yuko Dar, wewe uko Ifakara, la mkuu utalisikiaje?

— Italeta uongo hiyo, alisema Stesheni. Mtu atasema yuko Lupiro, kumbe yuko nyumba ya pili, kwa mke wa jirani.

— Hawezi. Hii inasikia mpaka jogoo. Jogoo wa Lupiro na wa hapa hawawiki sawa.

— Na shikamoo je? aliuliza Nassib akimimina. Wewe huku umepiga goti, kumbe mzee mwenyewe kalala chali anakuna tumbo.

— Mwisho tutazika kwa simu, alisema Stesheni. Mtu anapiga, “Jamani, na mimi nimetupa udongo,” huku anatafuna ugali. Akinyamaza ghafla, ujue betri imekwisha. Ndiyo maana wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Mambo ya watu wasio na kazi, Fulgensi alidakia kwa ukali ambao hakuna aliyeuelewa. Mtu akikutaka, atakuja.

Mdomo ulisema hivyo. Moyoni alikuwa ameshaichukua ile simu na kuiweka sikioni mwa Eufrasia, bila mchuuzi wa dagaa katikati. Angesema neno moja tu, nisamehe, kisha angenyamaza asikie anavyopumua. Alimkumbuka. Alikumbuka anavyofagia ua asubuhi akiimba chinichini, na anavyomwita Fundi hata wakiwa wawili ndani.

— Halafu Ifakara hii simu ya nini? Stesheni aliendelea. Neno ukilisema kwenye benchi hili, mkeo analo kabla hujafika nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa hapohapo, kwenye benchi hilohilo, Fulgensi alipotania kwamba amechoka kulisha mwanamke asiyezaa, na hao watatu wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Alipofika nyumbani jioni ile, Eufrasia alikuwa anafunga mzigo. Mama anaumwa, alisema, akakaza fundo.

— Ulimi hauna mfupa, Stesheni alisema taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ikakaa mahali pake.

Ndipo akaja mwanamke mmoja anasukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limelala.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Brigita, kwetu Masagati. Fundi Fulgensi ni nani? Nimepakana ua na mama yake Eufrasia. Kesho napanda treni. Safari hii nikamwambie nini?

Fulgensi alisimama, akajifuta grisi kwenye suruali. Benchi zima lilimtazama.

— Muulize, alisema. Muulize pampu aliiweka wapi.

Brigita aliitazama pampu iliyokuwa mkononi mwa Fulgensi. Hakumcheka.

— Kaka, treni ipo, na baiskeli za kumalizia njia nakuona unazo. Kwa nini usiende mwenyewe?

Antena aliisukuma antena ndani, ikaingia kipande kwa kipande. Stesheni, aliyejua kila treni inaondoka saa ngapi, aligeuka kutazama upande wa reli. Nassib aliinua birika, akaliinamisha, yakatoka machicha matupu.

— Naogopa, dada, alisema Fulgensi. Hapa nilipo bado hajanikataa.