Dari la Mninga

Treni ilitoka Kaliua ikiwa imechelewa kama kawaida yake, na Dafrosa, mkulima wa tumbaku, alikuwa amechoka hata kabla ya kukaa. Kijana wa kiti cha pili, Silasi, alimpa shikamoo, akaitikiwa, kisha akajitambulisha kuwa ni wa kampuni inayonunua tumbaku. Hapo akawa amejichongea.

"Ninyi ndio mlioikataa tumbaku yangu," Dafrosa alisema bila kupandisha sauti. "Eti nimeikausha kwa kuni za msituni."

"Mama, tunalinda mazingira. Hata ofisi yetu mpya pale Tabora ni ya mazingira. Umeme wa jua, maji ya mvua tunakinga, plastiki hakuna. Milango, meza, dari, vyote mbao."

"Mbao gani?"

"Mninga!" Alijibu kwa fahari ya mtu asiyeona shimo mbele yake.

Dafrosa akatazama visiki vilivyokuwa vikipita dirishani.

"Babu yangu alipita njia hii na pembe za ndovu za wenyewe kichwani. Mpaka leo tunabeba. Mti uleule, ukiingia kwenye bani langu la kukaushia ni uharibifu, ukipanda darini kwenu ni mazingira. Wanangu mwaka huu wale hilo dari?"

"Mama yangu, mimi nilichagua mapazia tu."

Treni ikasimama Tabora. Silasi, mtoto mwenye adabu, akamshushia furushi lake la tumbaku, akaguna kwa uzito.

"Tumbaku hii unaipeleka wapi, mama?"

"Ofisini kwenu. Tangulia, nionyeshe njia."